Mvi za ujanani zinatoka wapi?

Nilikuwa na miaka 24 kinyozi aliposimamisha mashine, akaniinamisha kichwa kidogo na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari ya msiba: "Kaka, unajua una mvi huku nyuma ya sikio?" Kabla sijajibu, jamaa aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake alishapata sababu: "Mawazo hayo." Wa pili akasema ni mafuta ninayopaka. Wa tatu, kipara kitupu, akasema nishukuru kwamba zipo za kuota mvi.

Tangu siku hiyo nimeshapewa kila aina ya maelezo: damu chafu, maji ya moto, kofia, shampuu, kukosa usingizi, ndoa, kukosa ndoa. Na miaka ya karibuni imeongezeka habari inayozunguka kwenye simu za watu, kwamba wanasayansi wamethibitisha msongo wa mawazo unaleta mvi, na kwamba ukipumzika nywele zinarudi nyeusi. Habari hiyo si uongo. Tatizo ni kwamba imefika kwetu imekatwa kichwa na miguu, na kiwiliwili kilichobaki kinawauzia watu vidonge na mafuta. Ili tujue kipi kimekatwa, inabidi tuanzie chini kabisa, pale unywele unapoota.

Karakana iliyo chini ya ngozi

Unywele unaouchana kila asubuhi umekufa. Hauna damu wala mshipa wa fahamu, ndiyo maana kuukata hakuumi. Kilicho hai kimejificha milimita chache ndani ya ngozi, kwenye kishimo chembamba kiitwacho kinyweleo. Kichwani mtu ana vinyweleo kama 100,000, na kila kimoja kina ratiba yake.

Chukulia kinyweleo ni karakana ndogo ya kusokota uzi. Chini kabisa kuna seli zinazogawanyika usiku na mchana. Hizo ndizo zinazotengeneza uzi wenyewe kwa protini ngumu iitwayo keratini, ile ile ya kwenye kucha. Ubavuni mwao amekaa fundi mwenye kazi moja tu, kutia rangi. Fundi huyo ni seli ya rangi, na rangi anayotengeneza inaitwa melanini, hiyo hiyo inayoipa ngozi weusi wake. Hasubiri uzi uishe ndipo aupake kwa nje. Anaipenyeza rangi ndani ya seli za uzi zingali laini, kabla hazijakauka na kusukumwa juu. Melanini ni za aina mbili, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya wekundu na manjano, na nywele zote duniani, kuanzia nyeusi tii mpaka za rangi ya shaba, ni mchanganyiko wa hizo mbili kwa vipimo tofauti.

Siku fundi asipokuja kazini, uzi unaendelea kusokotwa kama kawaida. Unatoka tu bila rangi. Basi mvi ni hiyo: unywele ulioota bila melanini, au wenye melanini kidogo mno.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Tunaiona mvi kama nguo nyeusi iliyochujuka, kana kwamba unywele ulikuwa mweusi ukachoka. Jua na kemikali vinaweza kweli kuufifisha unywele uliokwisha kuota ukawa wa kahawia, lakini huo si mvi. Mvi imetoka shimoni ikiwa nyeupe. Na kile tunachokiita kichwa cha kijivu, ukikisogelea, utakuta ni nywele nyeusi na nyeupe zimechanganyikana, pamoja na chache zilizopungukiwa rangi. Jicho lililo mbali ndilo linalozikoroga kuwa kijivu.

Ukilishika hilo moja, nusu ya maneno ya kijiweni yanaanguka yenyewe. Kila kinachodaiwa kuleta mvi au kuiondoa kiulize swali moja: kinamfikiaje fundi kule chini?

Mapema ni lini?

Madaktari wa ngozi wana mipaka wanayoitumia. Mvi huitwa za mapema zikianza kabla ya miaka 20 kwa watu wenye asili ya Ulaya, kabla ya 25 kwa wenye asili ya Asia, na kabla ya 30 kwa wenye asili ya Afrika. Tofauti hiyo inatokana na umri ambao mvi huanza kwa kawaida katika makundi hayo: katikati ya miaka ya thelathini kwa kundi la kwanza, mwishoni mwa thelathini kwa la pili, na katikati ya arobaini kwa la tatu. Kwa hiyo mwanamke wa asili ya Afrika aliyeona mvi ya kwanza akiwa na miaka 34 amewahi kidogo kuliko wenzake, lakini daktari hatamwandika kwenye kundi la mvi za mapema. Mimi na 24 zangu niliandikwa.

Mipaka hii ni ya kuhesabia watu. Haimaanishi kwamba aliyewahi ameharibika mahali.

Kuna kauli nyingine ya zamani, kwamba ukifika miaka 50, nusu ya watu wana nusu ya nywele zao nyeupe. Ina mdundo mzuri, ndiyo maana imedumu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowatazama watu zaidi ya 4,000 wa sehemu mbalimbali za dunia, ukakuta waliofikisha nusu ya kichwa wakiwa na miaka 50 ni kati ya asilimia 6 na 23 tu, kutegemea asili yao na rangi ya nywele walizozaliwa nazo.

Fundi na wanagenzi wake

Sasa twende ndani zaidi, maana hapa ndipo penye jibu la kwa nini fundi hakuja.

Unywele haukui bila kukoma. Unaota kwa miaka miwili hadi sita, kisha karakana inafungwa kwa wiki chache, inapumzika miezi kadhaa, unywele ule unadondoka na mwingine unaanza. Kila karakana inapofungwa, fundi wa rangi hufa. Si ajali wala ugonjwa, ndivyo mwili ulivyopanga. Duru mpya inapoanza lazima apatikane fundi mpya, na huyo hutoka kwenye chumba kidogo kilicho juu kidogo kwenye ukuta wa kinyweleo, wanamokaa wanagenzi. Kwa lugha ya maabara wanaitwa seli shina za rangi. Wao wenyewe hawatii rangi. Kazi yao ni kusubiri: duru ikianza, baadhi wanashuka chini na kuwa mafundi, waliobaki wanazaliana ili chumba kisibaki kitupu.

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti wa panya na wa nywele za watu ulioonyesha kwamba umri unavyosogea, wanagenzi hao hupungua na hatimaye huisha. Wengine hukosea njia, wanageuka kuwa mafundi wakiwa bado chumbani, mahali ambapo hakuna uzi wa kutia rangi. Chumba kikishakuwa kitupu, kila unywele utakaoota kwenye kinyweleo kile utakuwa mweupe. Utafiti wa mwaka 2023, wa panya peke yao, uliongeza jambo: wakati mwingine wanagenzi wapo, ila wamekwama chumbani, hawashuki kufanya kazi.

Ndiyo maana mvi haziji kwa mkupuo. Kila kinyweleo kina chumba chake na akiba yake, kwa hiyo kimoja kinafilisika leo, cha jirani mwakani, cha tatu baada ya miaka kumi.

Kazi yenyewe ya kutengeneza melanini nayo ina hatari zake. Humo ndani huzalishwa haidrojeni peroksidi, na kama umewahi kubadili rangi ya nywele saluni unaijua, ndiyo inayotumika kufuta weusi. Mwili una kimeng'enya cha kuivunjavunja. Watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba kwenye nywele za mvi kimeng'enya hicho kimepungua na peroksidi imerundikana. Fundi anadhuriwa na moshi wa karakana yake mwenyewe.

Akiba ya wanagenzi ni kubwa kiasi gani, na inaliwa kwa kasi gani? Hilo kwa sehemu kubwa ni urithi. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na watafiti wa University College London ilichunguza zaidi ya watu 6,000 wa Amerika ya Kusini na Meksiko, ikaitaja jeni ya kwanza kuhusishwa na mvi, IRF4, inayoshiriki kudhibiti utengenezaji wa melanini. Haifanyi kazi peke yake, na hakuna kipimo cha jeni kitakachokuambia mwezi na tarehe. Kipimo cha bei nafuu zaidi ni kuwauliza wazee wako. Waulize pande zote mbili, baba na mashangazi, mama na wajomba, na usiulize "una mvi?", uliza "zilianza lini?" Nilipouliza nyumbani nikagundua mjomba wangu amekuwa akipaka rangi tangu kabla sijazaliwa. Familia nzima ilijua isipokuwa mimi.

Basi mawazo hayaleti mvi?

Hapa jamaa wa kwenye benchi anastahili haki yake, kwa sababu hakukosea moja kwa moja.

Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walichapisha kwenye jarida la Nature kazi iliyofanana na upelelezi. Waliwatia panya weusi kwenye misukosuko, na manyoya yao yakaota meupe. Swali lilikuwa ni nani aliyefanya. Mshukiwa wa kwanza alikuwa kinga ya mwili: labda ikichanganyikiwa inawashambulia mafundi wa rangi. Wakatumia panya wasio na seli hizo za kinga. Mvi zikaja vile vile. Mshukiwa wa pili alikuwa kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Wakaondoa tezi zilizo juu ya figo, zinazoitengeneza. Mvi zikaja vile vile. Aliyebaki ni mtandao wa mishipa ya fahamu ya tahadhari, ule unaoufanya moyo uende mbio ukishtuka. Matawi ya mishipa hiyo yanafika mpaka kwenye kinyweleo, ndiyo yanayosimamisha nywele mwili unaposisimka. Panya akipata mshtuko, mishipa hiyo inamwaga kemikali iitwayo noradrenalini, nayo inaingia kwenye chumba cha wanagenzi kama kengele ya moto. Wanagenzi wote wanainuka kwa mara moja, wote wanageuka mafundi, wote wanaondoka. Katika siku chache chumba kimebaki kitupu, na hakuna aliyebaki wa kuzaa wengine.

Kwa hiyo njia ipo, na imeonekana. Lakini kumbuka ni panya, na msukosuko uliowaathiri zaidi ulikuwa wa maumivu makali yaliyosababishwa na sindano ya kemikali. Kuchelewa kazini hakufanani na hayo.

Kwa watu tuna utafiti wa mwaka 2021, wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, ndio uliozaa vichwa vya habari kuhusu mvi kurudi nyeusi. Ulitumia kitu tulicho nacho sote bila kukijali: unywele ni shajara. Unaota kama sentimita moja kwa mwezi, na kilichoandikwa hakifutiki. Ung'oe unywele wenye rangi mbili, mweusi kwenye ncha na mweupe kwenye shina, uulaze juu ya rula, upime weupe kuanzia shinani. Ukikuta sentimita 3, fundi aliacha kazi miezi mitatu hivi iliyopita. Watafiti walichukua nywele za watu 14, wakasoma rangi kipande kwa kipande kwa mitambo yenye macho makali kuliko yetu, wakalinganisha na kumbukumbu za kila mtu za mwaka uliopita: wiki ipi ilimwendea vibaya, ipi alipumua. Waliziona nywele zilizoanza nyeupe zikarudi kuota nyeusi, na baadhi zilioana na kipindi cha utulivu. Mmoja alikwenda likizo, na nywele tano za kichwani mwake zikarudia weusi katika muda huo huo.

Nywele tano. Hicho ndicho kilichokatwa habari ilipofika kwenye simu zetu.

Watafiti wenyewe walieleza kwamba kurudi huko ni kwa nywele zilizo ukingoni, ambazo fundi wake bado yupo ila amezidiwa. Mzigo ukipungua, anaweza kushika brashi tena kwa muda. Kinyweleo ambacho chumba chake kimeshakauka hakina wa kumwita, hata uende likizo ya mwaka mzima. Mtu aliyekuwa na mvi kwa miaka mingi hatarudi kuwa mweusi kwa kulala vizuri. Na kijana asiye na urithi wa mvi za mapema anaweza kupita kwenye mitihani, madeni na talaka akatoka na nywele zake zote nyeusi, kama tunavyowaona wengi.

Sasa kuna ile hadithi ya mtu kulala na nywele nyeusi akaamka na nyeupe. Maarufu zaidi ni ya Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, anayesemekana aliota mvi usiku mmoja wakati wa mapinduzi, kabla ya kukatwa kichwa Oktoba 1793 akiwa na miaka 37. Madaktari wameliazima jina lake kuita hali hiyo. Lakini tukirudi kwenye swali letu la fundi, haiwezekani: unywele uliokwisha kuota umekufa, na fundi hana mkono wa kuufikia ili aufute rangi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vinyweleo na nywele hunyonyoka ghafla. Mara nyingi hushambulia nywele zenye rangi na kuziacha zile nyeupe. Mtu aliyekuwa na mchanganyiko akipoteza nyeusi zote kwa muda mfupi, anabaki na mvi tupu, na kila aliyemwona atasema zimemtoka kwa siku moja. Mimi nina dhana nyingine ya kawaida kabisa: mtu aliyefungwa gerezani hapelekewi rangi ya nywele.

Lini umwone daktari

Mara nyingi kijana mwenye mvi hana ugonjwa wowote. Lakini yako mambo machache yanayoweza kumdhoofisha fundi mapema, na yanafaa kutazamwa kwa sababu yana tiba hata kama mvi zenyewe hazitaondoka.

La kwanza ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii hupatikana kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama, kwa hiyo asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anaweza kupungukiwa. Pia kuna watu wanaokula vizuri lakini tumbo lao haliwezi kuifyonza. Upungufu huu hauji na mvi peke yake. Huja na uchovu usioeleweka, upungufu wa damu, ganzi au hisia za kuchomwachomwa mikononi na miguuni, na ulimi unaouma. Mtu mwenye hayo akichelewa anaweza kudhurika mishipa ya fahamu moja kwa moja, jambo zito kuliko rangi ya nywele. Kipimo ni cha damu.

La pili ni tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Tazama uzito unaobadilika bila sababu, kuhisi baridi au joto kuliko wenzako, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. La tatu ni magonjwa ambayo kinga ya mwili huwashambulia mafundi wa rangi popote walipo, kama mbalanga, unaotoa mabaka meupe kwenye ngozi. Baka likiwa kichwani au kwenye nyusi, nywele za hapo hapo huota nyeupe kwa kishungi, tofauti na mvi za kawaida zinazotawanyika.

Kishungi cheupe cha tangu kuzaliwa, hasa juu ya paji la uso, ni habari nyingine. Pale mafundi hawakuwahi kufika tangu mtoto yupo tumboni. Mara nyingine ni alama ya familia isiyo na madhara. Mara nyingine huambatana na matatizo ya kusikia, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo apimwe masikio mapema.

Uvutaji wa sigara nao umehusishwa na mvi za mapema katika tafiti kadhaa, na ukikumbuka habari ya peroksidi na moshi wa karakana utaona kwa nini haishangazi. Katika orodha nzima ya visababishi, sigara ni mojawapo ya vilivyo mikononi mwa mtu mwenyewe.

Mtoto mwenye unyafuzi asichanganywe humu. Nywele zake huwa nyepesi na za rangi ya wekundu au manjano kwa sababu mwili hauna protini na malighafi ya kutosha. Akilishwa vizuri, nywele mpya huota na rangi yake, na wakati mwingine utaona mistari kwenye unywele mmoja, sehemu iliyofifia kwa miezi ya njaa na nyeusi kwa miezi ya shibe. Fundi alikuwepo wakati wote. Hakupewa rangi.

Mafuta, vidonge na maji ya kitunguu

Wazo kwamba vitamini huondoa mvi lina asili ya kweli. Zamani maabara ziligundua kwamba panya weusi wakinyimwa vitamini B5 manyoya yao yanakuwa meupe, na wakirudishiwa yanarudi kuwa meusi. Ukifikiri hivyo hivyo kwa binadamu utafungua kiwanda cha vidonge, na wengi walifungua. Kasoro ni kwamba karibu hakuna mtu anayekosa vitamini B5, maana imo kwenye vyakula vingi mno. Kumwongezea mtu asichopungukiwa hakumrudishii wanagenzi waliokwisha. Mwenye upungufu uliothibitishwa, wa B12 kwa mfano, atibiwe, na baadhi yao hurudiwa na rangi. Asiye na upungufu anakojoa pesa zake.

Mafuta na maji ya kitunguu hubaki juu ya unywele uliokufa au juu ya ngozi. Yanaweza kulainisha na kung'arisha, na nywele nyeupe zinazohisika ngumu zinafaidika na kulainishwa. Lakini mafuta yanayozifanya nyeusi yana rangi ndani yake, muuzaji aseme asiseme.

Kitu cha ajabu ni kwamba dawa zilizowahi kuonekana zikirudisha weusi hazikukusudiwa nywele kabisa. Baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu waliotumia dawa iitwayo imatinib waliona mvi zao zikigeuka nyeusi. Hakuna daktari atakayekupa dawa ya saratani kwa ajili ya mvi, ila tukio kama hilo linawaonyesha watafiti kwamba katika vichwa vingine wanagenzi wamelala, hawajafa.

Inayobaki ni rangi ya dukani, na hapo hakuna aibu. Jihadhari na kemikali iitwayo PPD, iliyo kwenye rangi nyingi nyeusi za kudumu. Watu wengine miili yao inaikataa, wanavimba uso na ngozi ya kichwa inatoka malengelenge, na anaweza kuitumia mtu mara kumi salama, ya kumi na moja ikamkataa. Paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, usubiri saa 48, hata kama boksi ni lile lile la siku zote. Hina safi haina tatizo hilo, lakini juu ya unywele mweupe inatoa rangi ya chungwa iliyoiva. Inayouzwa kwa jina la hina nyeusi mara nyingi imeongezwa PPD hiyo hiyo.

Kuhusu kung'oa: si kweli kwamba ukiing'oa moja zinakuja mbili. Kinyweleo kimoja hutoa unywele wake, na cha jirani hakipati taarifa kwamba mwenzake amevamiwa. Zinazoonekana kuongezeka ni zile ambazo zingekuja tu, ila sasa unazitafuta kwa kioo kila asubuhi. Ubaya wa kung'oa ni mwingine: ukirudiarudia pale pale unaweza kuumiza kinyweleo kikapata uvimbe, au kikaacha kuotesha kabisa.

Ile ya nyuma ya sikio niliing'oa siku ile ile, mbele ya kinyozi, nikiwa na hakika nimemaliza kesi. Miezi michache baadaye nilirudi kwenye kiti chake. Akaizungusha mashine, akaniinamisha kichwa, kimya kidogo, kisha akacheka. Ilikuwa imerudi, pale pale, fupi na nyeupe kama ilivyokuwa.